Mwana Kupona binti Mshamu: mama, mjane na mshairi wa Siyu

Katika madarasa yetu ya fasihi ya Kiswahili hapa Lubumbashi, jina la Mwana Kupona halikosi kuzua ubishi. Wapo wanaomwona kuwa mama wa heshima aliyemfundisha binti yake dini na adabu. Wapo wanaosema kwamba utendi wake ni mnyororo unaomfunga mwanamke kwa mumewe, kisha mnyororo huo ukaitwa ibada. Nimesikiliza pande zote mbili, na nionavyo mimi wengi wetu tunabishana juu ya beti chache zilizokatwa na kubandikwa katika kitabu cha mafunzo, bila kuuliza aliyezitunga aliishi vipi, alizitunga lini, na alikuwa katika hali gani siku hiyo. Kwa hiyo nitasimulia kwanza maisha yake, kisha nitasema ninachokiona ndani yake. Hoja yangu ni hii: chakula, udi, kitanda na ufagio katika utendi huu si mapambo ya mafundisho ya dini. Ndipo mahali imani ya mwanamke huyu ilipofanyia kazi, maana nyumba ndiyo nchi aliyoijua na aliyoweza kuisemea kwa jina lake mwenyewe.

Mwana Kupona alizaliwa Pate, na hilo amelitaja mwenyewe mwishoni mwa utendi. Pate ni mji ulio katika kisiwa chenye jina hilohilo, upande wa visiwa vya Lamu, kaskazini mwa pwani ya nchi tunayoiita leo Kenya. Alipokuwa mtoto, katika miongo ya kwanza ya karne ya 19, mji huo ulikuwa na fahari ya zamani na jeraha la karibuni. Fahari yake ilikuwa biashara na ushairi. Huko ndiko Bwana Mwengo alikotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, na huko ndiko Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikotunga Al-Inkishafi, akiitazama Pate yenye majumba yaliyohamwa na kuuonya moyo wake usiitegemee dunia. Jeraha lilitoka kwenye vita vya Shela, karibu mwaka 1812, ambapo watu wa Lamu waliwashinda Wapate pamoja na washirika wao wa Mombasa. Baada ya ushindi huo Lamu iliomba ulinzi wa Oman, na tangu hapo mkono wa Seyyid Said ukaanza kurefuka juu ya visiwa vyote.

Msichana aliyekulia katika mji kama huo alijifunza mapema mambo mawili. La kwanza, kwamba utajiri hupita. La pili, kwamba ushairi ni namna ya kawaida ya kuweka maneno yasipotee. Mashairi yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, yakanakiliwa kwa mkono, yakaghaniwa majumbani. Wanawake wa tabaka lake waliyasikia, wakayahifadhi, na baadhi yao waliyaandika.

Aliolewa Siyu, mji mwingine wa kisiwa hichohicho. Siyu ilikuwa mji wa mafundi: waliofanya kazi ya ngozi, waliofua panga, waliochonga milango, na hasa waandishi walionakili misahafu kwa hati nzuri na kuipamba kwa rangi. Misahafu ya Siyu imehifadhiwa hadi leo na kusomwa na wataalamu. Mji huo ulitawaliwa na mume wake, anayejulikana kwa jina la Bwana Mataka.

Bwana Mataka hakuwa mtawala wa kukaa kivulini. Kwa miaka mingi alikataa kumtii Seyyid Said, ambaye kutoka Zanzibar alitaka pwani yote imtambue. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalishuka kisiwani kuipiga Siyu, yakashindwa, na amiri wao akauawa. Mji wa mafundi ulimrudisha mtawala mwenye merikebu, mizinga na askari wa kukodi. Hiyo ndiyo nyumba ambamo Mwana Kupona alilala na kuamka. Tunaposoma beti zake kuhusu kumtayarishia mume chakula au kumfukizia udi, tukumbuke kwamba mume mwenyewe alikuwa mtu aliyewindwa, na kwamba katika nyumba hiyo kila kurudi kwa bwana kulikuwa jambo la kushukuriwa.

Kwa mume huyo alizaa watoto wawili: binti, Mwana Hashima, na mtoto wa kiume, Muhammad. Ndoa yenyewe ameisimulia kwa ufupi ndani ya utendi. Anasema aliolewa kwa furaha, na kwamba kati yake na mumewe heshima haikuvunjika, wala hakuna aliyepata ubaya wa mwenzake hadi kifo kilipowatenganisha. Kifo hicho kilikuja mwaka 1856. Seyyid Said naye alikufa mwaka huohuo, akiwa baharini. Maadui wawili waliondoka pamoja, lakini vita vyao vilibaki. Katika kuagana, asema Mwana Kupona, mume wake alirudia mara kwa mara kumpa radhi. Tangu siku hiyo hadi siku ya kutunga hakuwa ameacha kulia.

Mwaka 1275 wa Hijra, yaani karibu mwaka 1858, ndipo alipotunga. Alikuwa mjane wa miaka miwili, na ugonjwa ulikuwa umemshika mwaka mzima. Mwana Hashima alikuwa na miaka ipatayo kumi na saba, umri wa kuolewa. Utendi unafunguka kwa mama kumwita binti asogee karibu, akae kitako, alete wino na karatasi, asikilize wosia. Jina la Kupona lina maana tunayoijua sote, na mwenye jina hilo alijua kwamba huenda hatapona. Alikuwa akishindana na wakati.

Kwa wenzangu ambao bado hawajasoma kozi ya ushairi, niseme neno juu ya umbo. Utendi hutungwa kwa beti za vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja kinachobadilika kila ubeti, na kipande cha nne kina kina ambacho hakibadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Utendi wa Mwana Kupona una beti zipatazo mia moja. Umbo hilo humsaidia anayehifadhi kwa moyo, kwa sababu kile kina cha mwisho hurudi kama mapigo. Mama mgonjwa hawezi kuwa na uhakika kwamba karatasi itasalimika katika mji wa vita, lakini kilichoingia kichwani mwa binti kitasafiri naye popote atakapoolewa.

Kabla ya mafundisho yenyewe anatumia picha inayonigusa sana. Anasema atampa binti hirizi ya kufungwa kwa uzi, na atamtungia mapambo ya lulu na marijani avae shingoni. Hirizi na mapambo hayo ni maneno. Fikirini: mama wa ukoo wa watawala, ambaye desturi ingemtaka amwachie binti dhahabu na vyombo vya thamani, anamwachia shairi na kuliita kito. Katika Kiswahili twasema kutunga ushanga na kutunga shairi kwa kitenzi kimoja, na Mwana Kupona alilijua hilo vizuri.

Mafundisho yanaanza na imani. Binti ashike dini, asiache faradhi, na sunna aifuate inapowezekana. Kisha adabu: ulimi mzuri, ukweli, kutojiingiza katika jambo asilolijua, kuwasimamia wageni kwa uso wa furaha, kuwapenda masikini, kutokaa na wapumbavu. Halafu anataja radhi tano ambazo mwanamke anapaswa kuzipata: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Baada ya orodha hiyo utendi unaingia ndani ya nyumba na kukaa humo kwa muda mrefu. Mume akilala asiamshwe kwa kelele. Akiamka akute chakula. Anyolewe, ndevu zake zitengenezwe, afukiziwe udi asubuhi na jioni. Mke mwenyewe awe msafi, asuke nywele, atunge asmini na kuitandaza kitandani, avae bangili, atie wanja na hina. Nyumba ifagiliwe hadi chooni. Kutoka nje ni kwa ruhusa, na njiani asikawie.

Katika kozi ya fasihi ya Kiingereza tulisoma mshairi ambaye alinisaidia kuona jambo hili kwa jicho jingine. Ni Anne Bradstreet, mwanamke wa Wapuritani, yaani wale Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa kanisa na maisha yote kwa Biblia. Alizaliwa mwaka 1612, akavuka bahari mwaka 1630 pamoja na mumewe Simon na wazazi wake kwenda Massachusetts, akazaa watoto wanane katika nchi ya baridi na magonjwa. Kitabu chake cha mashairi kilichapishwa London mwaka 1650, cha kwanza kuchapishwa cha mshairi aliyeishi katika makoloni yale. Lakini mashairi yake yanayopendwa zaidi leo ni ya nyumbani: kumtamani mume aliyesafiri kwa kazi ya serikali, kuogopa kufa wakati wa kujifungua, kuwalilia wajukuu, kuitazama nyumba yake iliyoungua Julai 1666. Yeye pia, akiwa na afya dhaifu, aliwaandikia watoto wake maneno ya kusoma baada ya kifo chake, na mwanawe mmoja akayanakili maandishi yake. Alikufa mwaka 1672.

Wanawake hawa wawili wanatengwa na dini, bahari na karibu miaka mia mbili. Hata hivyo wote wawili waliamini kwamba Mungu haonekani msikitini au kanisani tu. Yumo katika sahani, kitanda, homa na majivu. Tofauti yao nayo inafundisha. Bradstreet anabishana kidogo na Mungu: anapita penye magofu ya nyumba yake, anakumbuka meza na sanduku lilipokuwa, moyo unamvuta kwa vitu hivyo, kisha anaukemea mpaka unyenyekee. Mwana Kupona hatuonyeshi mabishano. Vitu vya nyumba havimpingi Mungu, ni njia ya kumwendea. Udi ukifukizwa vizuri ni ibada. Mmoja anajifunza kuachilia nyumba, na mwingine anajifunza kuitengeneza kwa ajili ya Akhera. Ndiyo maana sikubali wanaposema kwamba beti za udi na asmini ni sehemu ya kidunia iliyopachikwa kwenye utendi wa dini. Kwa Mwana Kupona hakuna mshono hapo.

Sasa niingie mahali pagumu. Utendi unasema kwamba Siku ya Hukumu mume ndiye atakayeulizwa juu ya mke wake, na neno lake litamfungulia mke Pepo au kumtia motoni. Wenzangu wa kike darasani wanachukizwa na beti hizo, na siwezi kuwaambia wasichukizwe. Lakini tusome kidogo mbele. Mwana Kupona anamwambia binti amlee mume huyo kama mtoto mdogo asiyejua bado kusema. Mwenye funguo za Pepo anageuka kuwa mtoto wa kuongozwa. Je, ndani ya nyumba hiyo nani anayejua, na nani asiyejua? Nani anayesema, na nani asiyeweza kusema? Nadhani Mwana Kupona alijua vizuri kazi ya picha hiyo. Simfanyi mwasi, kwa sababu kumfanya mwasi ni kumnyang'anya imani aliyoishi nayo na kufa nayo. Nasema tu kwamba utii anaoufundisha una elimu ndani yake, na elimu hiyo ni ya wanawake. Watu wa kwetu wanalielewa hilo upesi. Wabemba wana chisungu, ambapo mama wakubwa humfundisha msichana mambo ya nyumba, mwili na heshima, na hakuna anayedhani kwamba mama wale ni watu wasio na nguvu.

Kuna pagumu zaidi, na juu yake tunanyamaza mno. Utendi unamwonya binti asizoeane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Kumbe ndani ya nyumba ile ya kufagiliwa na kufukizwa walikuwamo watu wengine. Waliochota maji, waliopika pamoja naye au badala yake, waliobeba kuni, hawakuitwa wakae kitako kusikiliza wosia. Hawana jina katika utendi. Sisi wa Katanga hatuwezi kupita hapo haraka. Kiswahili kilifika kwetu na misafara ya biashara, enzi ambayo Msiri alitawala Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, na misafara hiyo ilibeba shaba, pembe za ndovu na watu. Lugha ya Mwana Kupona na lugha yetu ya leo zilikuwa pwani na bara za biashara moja. Baadaye migodi, misheni na utawala wa Wabelgiji viliisambaza lugha hiyo mjini kwetu na kuifanya yetu. Tunaposema kwamba utendi huu ni urithi wetu, na mimi nasema hivyo, tunarithi pia ukimya wa wale waliosimama mlangoni na chungu mkononi. Msomaji wa Lubumbashi anaweza kuwaona pale ambapo msomaji wa pwani amezoea kutowaona.

Je, jambo hilo linafuta thamani ya utendi? Kwangu, halifuti. Linatuonyesha ukubwa na mipaka ya nyumba yake. Bradstreet naye aliishi katika nchi iliyochukuliwa kutoka kwa wenyeji wake, na mashairi yake ya nyumbani hayasemi ile ardhi chini ya nyumba ilikuwa ya nani. Imani inayokaa nyumbani huona kwa karibu sana, na wakati mwingine haioni kilicho nyuma ya ukuta. Sisi tunaosoma tuna kazi ya kuona vyote viwili.

Sehemu ya mwisho ya utendi ni dua. Mama ameshamaliza kumwambia binti, na sasa anageuka kumwambia Mungu. Anamwomba awalinde watoto wake, ndugu zake na jamaa zake, amwondolee ugonjwa, amsamehe. Hapo sauti inabadilika. Yule aliyekuwa akitoa maagizo kwa uhakika, fanya hivi, usifanye vile, anakuwa mgonjwa anayeomba. Anawaalika pia wanawake wote wausome utendi, kwa hiyo wosia wa binti mmoja unafunguliwa kwa wengi. Kisha anataja jina lake, mji wake na mwaka. Nalipenda tendo hilo. Utendi unaomtaka mwanamke asikawie njiani umepewa jina kamili la mwanamke, na kwa jina hilo umetembea kuliko wanaume wengi wa zama zake.

Mwana Kupona alifariki katika miaka ya 1860. Katika miaka hiyohiyo Siyu ilishindwa hatimaye na majeshi ya Sultani Majid, mwana wa Seyyid Said, na uhuru ambao Bwana Mataka aliupigania ukaisha. Ngome ya Siyu bado ipo, na watalii huipiga picha. Utendi wa mjane ulipita njia nyingine. Ulinakiliwa kwa mkono, ukaghaniwa na kuhifadhiwa na wanawake wa Lamu na kwingineko. Mwaka 1917 Alice Werner aliuchapisha Marekani, na mwaka 1934 akautoa tena pamoja na William Hichens, wakitumia pia habari kutoka kwa jamaa wa mshairi. J. W. T. Allen aliuingiza katika mkusanyo wake wa tendi mwaka 1971, mwaka uleule ambao masomo ya fasihi ya vyuo vikuu vya nchi yetu yaliletwa Lubumbashi.

Ombi langu kwa wenzangu na kwa walimu wetu ni dogo. Tuusome utendi huu mzima, kuanzia wito wa kalamu na wino hadi dua, na tusiishie kwenye beti za mume peke yake. Anayesoma beti za utii tu atamkuta mke. Anayesoma wote atamkuta mjane mgonjwa, katika mji uliokaribia kuanguka, akihesabu mizani nane nane ili binti yake asitoke mikono mitupu.